Wakili wa Dazeni Sita

Ilikuwa mwaka 2013. Hapana, nimekosea. 2013 ndio mwaka aliofariki Verona, tena alifariki kabla ya theluji ya kwanza. Haya ninayosimulia ni ya Kwaresima iliyofuata, kwa hiyo tuseme 2014, ule mwaka baridi ilipopasua mabomba ya ukumbi wa chini ya kanisa la Mtakatifu Ludmila, pale Youngstown, tukapika pirogi, zile sambusa za kuchemsha, tumevaa makoti.

Katika jiko lile kazi zimegawanywa kama urithi. Wanawake wanasukuma unga, wanaujaza viazi na jibini, au kabichi, wanaukunja na kuufinya ukingo. Wanaume wanaponda viazi, wanabeba masufuria na kukaa kimya. Ijumaa saa tano asubuhi watu wanapanga foleni mpaka barabarani, na pesa inayopatikana ndiyo inayolipa gesi ya kanisa. Emil Vrabel alikuwa mponda viazi kwa miaka thelathini na mmoja. Mkewe Verona alikuwa mfinyaji, mikunjo kumi na minane kwa kila pirogi, si kumi na saba. Alipokufa, kiti chake kilikaa wazi wiki sita. Halafu Milka Jurko, mkuu wa jiko, akaweka gunia la unga juu yake, ili mtu asije akakikalia kwa kusahau.

Emil alikuwa na miaka sabini na sita. Alistaafu akiwa mfagizi wa shule ya sekondari, lakini ukimwuliza kazi yake atakwambia kreni. Aliendesha kreni kwenye kiwanda cha chuma mpaka kiwanda kilipofungwa, Jumatatu ile ya mwaka sabini na saba ambayo kila mtu pale anaijua na hakuna anayetaka kuirudia. Na mtu wa kreni, nilivyoelezwa na yeye mwenyewe mara nyingi kuliko nilivyouliza, haangalii mzigo. Yuko juu, kuna moshi na mvuke, haoni kitu. Anaangalia mkono wa mtu aliyesimama chini. Kidole kikizunguka, anapandisha. Kiganja kikitazama chini na kushuka taratibu, anashusha. Ngumi, anasimama hapo hapo. Kwa miaka kumi na mmoja mkono ule ulikuwa wa Jozef Lesko. Ndoo ya chuma kilichoyeyuka ining'inie hewani, chini yake watu wenye wake na watoto, na Emil haitazami ndoo hata kidogo, anatazama kiganja cha Jozef. Miaka kumi na mmoja, na hakuna hata tone lililomwagikia mtu.

Hilo liwekeni akilini, maana ndilo lililomponza.

Verona aliacha bima ya maisha, dola elfu ishirini na sita. Binti yao Renata alikuwa akiishi Phoenix, huko jangwani, na kila Jumapili alipiga simu kumwambia baba yake auze nyumba aende akae naye. Emil hakutaka. Nyumba ilikuwa juu ya kilima, na kwenye droo ya jikoni bado mlikuwa na mti wa kusukumia unga wa Verona, umechakaa katikati kwa viganja vyake. Ila pensheni ya ufagizi haikutosha. Kodi ya kaunti ilipanda, gesi ilipanda, paa lilivuja. Upungufu ulikuwa kama dola mia tatu kila mwezi. Akizipata, anabaki. Asipozipata, ni Phoenix. Hakuwa akiwaza kitu kingine usiku wala mchana.

Basi akaja bwana mmoja, Dwight Pruett, akazungumza maktaba ya mtaa kuhusu karatasi za madeni ya nyumba. Jambo lenyewe ni hivi. Mtu amekopa anunue nyumba, ametia saini kwamba atalipa kila mwezi, na nyumba ndiyo rehani. Ile karatasi aliyoisaini huuzwa, kama ng'ombe wa maziwa: atakayemnunua ndiye atakayekamua. Mlipaji akishindwa, mwenye karatasi anaichukua nyumba. Pruett alikuwa na moja ya nyumba namba 418 mtaa wa Cordell, bei dola elfu ishirini na nne, malipo mia tatu na kumi na tano kila mwezi.

Mia tatu na kumi na tano! Emil alihisi Verona amemsogezea kiti.

"Lakini tafuta wakili wako mwenyewe, mzee," Pruett akamwambia wakipeana mikono. "Mimi simwambii mtu aniamini."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya Emil amwamini.

Ijumaa akalifikisha jikoni. Milka alikuwa na unga mpaka viwikoni.

"Wakili umepata?"

"Nitamchukua Regis."

"Regis wa Jozef? Yule si wa wosia na talaka? Anajua nini mambo ya karatasi za madeni?"

"Wakili ni wakili."

"Na daktari wa meno ni daktari. Basi kamwambie akutoe mtoto wa jicho."

Meza nzima ikacheka. Emil akaendelea kuponda viazi kama hakusikia.

"Kuna mama mmoja mjini Akron," Milka akasema, sasa bila mzaha. "Alimsimamia shemeji yangu. Kazi yake ni hiyo tu, karatasi za rehani, miaka ishirini. Anataka dola mia saba, na kabla hajafungua mdomo mnatiliana saini karatasi inayosema yeye ni wakili wako. Wako wewe, si wa mwingine."

"Mia saba kabla hajafungua mdomo! Akiufungua je?"

"Akiufungua ndio unajua kama nyumba ina paa. Sikiliza, Emil. Wakili wa kumchukua ni yule unayeweza kumfokea. Wewe utamfokea Regis? Mtoto uliyempakata siku ya ubatizo?"

"Nimfokee kwa nini?"

"Ndiyo hapo sasa," Milka akasema, akageukia unga wake.

Ofisi ya Regis Lesko ilikuwa juu ya duka lililokuwa la viatu. Regis mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na saba, mrefu kama baba yake, mwenye sauti ya kwaya. Alimwona Emil mlangoni akainuka.

"Mjomba Emil! Umepanda ngazi zote hizo? Ungenipigia simu nije mimi."

Emil akamwekea karatasi mezani, akamweleza habari ya Cordell, mia tatu na kumi na tano, Phoenix. Alipotaja jina la Pruett, Regis alikuwa anafuta miwani, akaendelea kuifuta.

"Nitakulipa kiasi gani?" Emil akauliza, maana alitaka lipite upesi.

"Kunilipa? Wewe? Baba atafufuka anichape. Niletee dazeni sita. Tatu za viazi, tatu za kabichi, tumemalizana."

Emil alicheka mpaka akapenga kamasi. Mia saba za Akron alizikumbuka akazihurumia. Wachuuzi wa kwetu husema rahisi ni ghali, lakini nani anayelikumbuka hilo akiwa amepewa cha bure na mtoto wa rafiki yake?

Regis akasoma. Ukurasa wa pili aliukalia sana, akatazama dirishani, akarudi.

"Karatasi ziko sawa, Mjomba."

"Niende nikaione nyumba?"

Hapo Regis akaichezea kalamu kidogo. "Kwenda unaweza kwenda. Ila mtaa ule wenyewe unaujua. Karatasi ziko sawa."

Akainua mkono, kiganja kikatazama chini, akaushusha polepole juu ya meza, kama mtu anayemtuliza mwenzake. Emil akauona mkono wa Jozef. Vidole vile vile, hata kidole gumba kilichopinda. Kwa mkono ule alishusha maelfu ya tani. Kwenda Cordell kuchungulia madirisha kungekuwa kumwambia mwana wa Jozef kwamba mkono wake haumtoshi. Hakwenda. Akatia saini, akashusha.

Ijumaa iliyofuata Emil alifanya jambo ambalo mwanaume hajawahi kulifanya katika jiko lile: aliketi mezani akafinya pirogi mwenyewe. Hakutaka malipo yake yatoke mikononi mwa mwingine. Dazeni sita ni sabini na mbili, na zilimchukua asubuhi nzima.

"Hizi kazifinya nani, trekta?" Milka akauliza.

"Zitaiva tu."

"Kuiva zitaiva. Hii hapa ina mikunjo minne, halafu imekata tamaa."

Zilikuwa zimepinda, nyingine zimetoa viazi nje, lakini alizipanga vizuri katika maboksi mawili, karatasi ya nta kati yake, akazipeleka mwenyewe. Regis alizipokelea uwanja wa kuegesha magari, kwa mikono yote miwili, akamshukuru sana.

Malipo yakaja. Aprili, Mei, Juni, mia tatu na kumi na tano kila mara. Emil akaita fundi wa paa. Akamwambia Renata asimwandalie chumba. Ukimwona siku zile utadhani amepungua miaka kumi. Alikuwa akiponda viazi huku anapiga mluzi.

Julai hakikuja kitu. Agosti hakikuja kitu. Akampigia Pruett, simu ikasema namba haitumiki. Akampigia Regis, karani akasema yuko mahakamani. Akapiga tena kesho yake, bado yuko mahakamani. Siku ya tatu Emil akavaa kofia, akatoa gari lake, akaenda Cordell.

Namba 416 ilikuwapo. Namba 420 ilikuwapo. Katikati palikuwa na kiwanja kilichomwagiwa mabua ya ngano, nyasi changa zikichipua chini yake, na ngazi tatu za saruji zilizopanda kutoka njiani na kuishia hewani. Emil alizipanda. Alisimama ngazi ya tatu, pale ambapo mtu angebisha hodi.

Mama wa 420 alikuwa akimwagilia nyanya zake. "Unamtafuta nani, baba?"

"Wenye nyumba."

"Ipi? Hapo miaka miwili hapana mtu. Manispaa ilibomoa Mei. Nilifunga madirisha wiki nzima kwa vumbi."

Sasa sikilizeni alivyo mtu mwema, maana wema nao una upofu wake. Emil hakumfikiria Regis vibaya hata dakika moja. Alichofikiri ni kwamba Pruett amewadanganya wote wawili, na kwamba maskini Regis akisikia ataona aibu. Akaazimia kwenda kukusanya ushahidi kwanza, amkabidhi Regis mkononi, ili iwe rahisi kwake kushitaki. Akaenda moja kwa moja ofisi ya msajili wa hati ya kaunti.

Karani alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni. Alisikiliza, akabonyeza, mashine ikatoa kurasa.

"Hii ndiyo hati ya wewe kuuziwa deni, ya Machi. Dola mbili ukurasa, mpenzi wangu."

Katika jimbo lile kila hati inayosajiliwa ina mstari mdogo chini kabisa, wa kutaja aliyeiandika. Emil hakuwahi kuusoma. Sasa, kwa kuwa alikuwa na muda na kaunta ilikuwa na mwanga mzuri, akausoma. *Hati hii imetayarishwa na Regis J. Lesko, Wakili.*

Uso ukamng'aa. "Ona! Huyu ndiye wakili wangu," akamwambia karani, akagonga jina kwa kidole. "Mtoto wa rafiki yangu. Hata hii kaiandika yeye, na hakuniambia. Hakunitoza hata senti."

Karani akamtazama juu ya miwani.

"Wako wewe? Mzee, hii ni hati ya muuzaji. Muuzaji ndiye anayetoa, na wakili wa muuzaji ndiye anayeandika. Kwa kawaida ndivyo."

"Labda amemsaidia."

Mama yule alirudi kwenye mashine, akabonyeza tena, polepole zaidi, kisha akaweka ukurasa mwingine juu ya ule wa kwanza. Hakudai dola mbili.

"Hii nayo ni ya kiwanja hicho hicho. Ya Januari. Mwenye karatasi ya deni anairuhusu manispaa ibomoe nyumba, anasema hatapinga. Kasaini Dwight Pruett."

Emil akashusha macho mpaka chini kabisa ya ukurasa. Mstari mdogo ulikuwa pale, na jina lilikuwa lile lile.

Januari. Yeye alipanda zile ngazi za duka la viatu mwezi wa Machi.

"Keti, mpenzi wangu," karani akasema. "Keti kidogo, nikuletee maji."

Safari hii Regis hakuwa mahakamani, au karani wake alichoka kusema hivyo. Emil akaweka kurasa mbili mezani, moja kando ya nyingine, mistari ya chini ikielekea kwa Regis.

"Ulijua."

Regis hakuzigusa. "Mjomba Emil, nilikuwa na mteja mmoja tu katika jambo lile. Mambo ya mteja siwezi kumpa mtu mwingine. Ni sheria, sikuitunga mimi."

"Na mimi nilikuwa nani?"

"Ulikuja nikusomee karatasi. Nikazisoma. Nilisema karatasi ziko sawa, na zilikuwa sawa. Kumbuka vizuri: nilisema nyumba iko sawa?"

Emil akakumbuka vizuri. Kweli, Regis hakusema hivyo.

"Ungeniambia tu, 'Mjomba, nenda kwa mwingine.' Maneno manne hayo. Yangevunja sheria gani?"

"Sio rahisi kama unavyofikiri."

"Mimi nilikuwa mteja wako."

"Hapana." Sauti ya kwaya ikawa nyembamba. "Hukutia saini popote. Hukunilipa hata senti. Ukienda kulalamika, ndivyo watakavyokuuliza, na ndivyo nitakavyojibu. Nakwambia mapema kwa sababu nakuheshimu."

Emil akainua mkono wake mwenyewe, akaukunja ngumi, akaushikilia hewani mbele ya uso wa Regis. Si kwa kutaka kumpiga. Ngumi ile kwenye kreni maana yake *simama, kuna mtu chini*.

"Baba yako angenionyesha ngumi hii," akasema.

"Baba yangu alikufa nyumba yake ikiwa mikononi mwa benki," Regis akajibu. "Mkono wake ulimsaidia nini?"

Milka alimpeleka Akron kwa gari lake, bila kumsuta njia nzima, na kwa Milka hiyo ni sadaka kubwa. Yule mama wa rehani alisoma zile kurasa mbili kwa dakika nne. Akasema malipo yale matatu Pruett aliyatoa mfukoni mwake, yawe chambo, na sasa ameshahama jimbo. Akasema Regis anaweza kufuatwa, ila itachukua miaka miwili, pengine mitatu, na yote yatasimama juu ya jambo moja: kuonyesha kwamba alikuwa wakili wa Emil. Akauliza malipo ya Regis yalikuwa nini. Emil akamwambia: dazeni sita za pirogi. Mama yule akaandika, akakata, akaandika tena, kana kwamba hakujua neno lile liwekwe safu gani. Kisha akasema kwa upole kwamba zile mia saba zake si za kusoma karatasi. Karatasi hata mtoto anaweza kuzisoma. Ni za ile saini ya kwanza, ya kusema ni wakili wa nani.

Emil hakuwa na miaka mitatu ya kuchezea. Paa jipya lilikuwa linadai, kodi inadai. Oktoba akaandika bango, akalichomeka bustanini mwenyewe. Nyumba ikanunuliwa na wanandoa vijana waliopenda sana jiko. Mti wa kusukumia unga akaufunga kwenye fulana, akautia kwenye begi la kupanda nalo ndege.

Ijumaa ya kwanza ya Desemba ilikuwa yake ya mwisho jikoni. Aliponda viazi kama kawaida. Saa tano mlango ukafunguliwa, foleni ikaingia na theluji viatuni, na mtu wa sita au wa saba alikuwa Regis Lesko. Msidhani alikuja kwa ufidhuli. Alikuwa akija kila Ijumaa tangu utotoni, na kutokuja kungekuwa kukiri.

"Huyu mimi simhudumii," Milka akasema, wala hakushusha sauti.

"Nitamhudumia mimi," Emil akasema. Akajifuta mikono, akachukua upawa kutoka kwa Milka, akasimama kaunta.

"Dazeni mbili za viazi, tafadhali," Regis akasema. Aliliambia boksi, hakumwambia mtu.

Emil akahesabu ishirini na nne, zile nzuri, zenye mikunjo yote. Akazimwagia siagi na vitunguu, akaongeza siagi kidogo, akafunika. Akalisukuma boksi mbele kwa mikono miwili. Regis akalishika kwa mikono miwili. Emil hakuliachia.

Watu wa foleni wakanyoosha shingo. Hata Milka alisimama na unga wake hewani. Wakabaki hivyo, mzee na mtu mzima, boksi la moto katikati yao, na Emil akauliza swali ambalo mpaka anapanda ndege ya Phoenix, na mpaka leo ninapoandika, hakuna aliyemjibu. Aliuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, kama anayetaka kujua tu:

"Regis, mwanangu, zile dazeni sita zangu, zile zilizopinda, ulizila?"